Waya mmoja wa hasi, injini kwaheri

SHABIKI aliyesimama kwenye kona yenye vumbi kule Iringa au Tanga anataka kujua jambo moja tu, gari limepita au halijapita. Likipita, anashangilia. Lisipopita, dakika zinahesabiwa, kisha simu inaita: limekwama porini, boneti iko juu, moshi unatoka. Jioni maelezo yanakuwa mafupi, "injini imekufa".

Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba injini hiyo inaweza kuwa ilianza kufa wiki nyingi kabla ya siku ya mbio. Ilianza kufa gereji, siku fundi alipofunga sensa ya oksijeni ya waidibendi kwenye ekzosi, akaona namba zinawaka vizuri kwenye geji, akafunga boneti na kusema kazi imeisha.

Kwa timu kubwa za dunia zinazokuja Naivasha kwenye Safari Rally, hilo ni jambo la wahandisi na kompyuta zao. Kwa dereva wa hapa anayejigharamia mwenyewe, na Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution yake ya turbo, injini ikifa ndiyo msimu umekwisha. Ndiyo maana sensa hii ndogo, isiyozidi urefu wa kiganja, inastahili kuzungumzwa kama anavyozungumzwa kipa kabla ya fainali.

ENZI ZA KUSOMA PLAGI

Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, hakukuwa na sensa yoyote. Bert Shankland, dereva aliyetokea Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, na mafundi wa zama hizo walikuwa na kipimo kimoja cha kuaminika: jicho.

Walikuwa wakifungua plagi na kuisoma. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo na injini inaungua. Ikiwa na rangi ya kahawia ya chai ya maziwa, mambo safi, twende.

Mwaka 1976, ambao Joginder Singh alichukua ubingwa wa Safari kwa mara ya tatu akiwa na Mitsubishi Lancer, ndio mwaka kampuni ya Bosch ilipoanza kupeleka sensa ya oksijeni kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani. Lengo halikuwa mbio, lilikuwa kupunguza moshi mchafu. Ila mbio zilikuja kunufaika baadaye.

MSHIKA KIBENDERA NA VAR

Petroli ya kawaida inaungua kwa ukamilifu pale gramu 14.7 za hewa zinapokutana na gramu 1 ya petroli. Mafundi wanasema "kumi na nne nukta saba" kama mashabiki wanavyosema "nne-tatu-tatu". Namba ikipanda juu ya hapo, hewa imezidi na mchanganyiko ni mkavu. Ikishuka, petroli imezidi na mchanganyiko ni mzito.

Sensa ya kawaida iliyokuja na gari inafanya kazi ya mshika kibendera. Inatoa umeme wa karibu volti 0.1 mchanganyiko ukiwa mkavu, na karibu volti 0.9 ukiwa mzito. Inaruka ghafla pale kwenye 14.7. Bendera juu, bendera chini, basi. Ukiiuliza amezidi kwa kiasi gani, haijui.

Kwa gari la kwenda sokoni hiyo inatosha. Kwa gari la mbio haitoshi kabisa, kwa sababu injini ya turbo inapokanyagwa hadi mwisho haitakiwi kuwa kwenye 14.7. Inatakiwa kushuka mpaka kwenye 11 na kitu au kuzunguka 12, kutegemea injini na mafuta. Petroli hiyo ya ziada inapoza chumba cha kuunguzia. Ikipungua wakati turbo inasukuma, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inapasuka au kuyeyuka. Hayo yanaweza kutokea ndani ya sekunde chache tu.

Waidibendi ndiyo VAR. Inachora mstari na kusema amezidi kwa sentimita ngapi. Ndani yake kuna chumba kidogo sana ambamo moshi wa ekzosi unaingia. Kisanduku chake cha umeme kinasukuma oksijeni kuitoa au kuiingiza mpaka chumba hicho kiwe sawa, kisha kinapima umeme uliotumika kusukuma. Kutokana na umeme huo inapatikana namba kamili: 11.5, 12.2, 13.8.

Lakini kila shabiki wa soka anajua kuwa VAR ikichora mstari mahali pasipo, ni afadhali isingekuwepo. Hapo ndipo fundi anapoingia.

KITOBO KWENYE BOMBA

Kazi inaanza kwa kutoboa ekzosi na kuchomelea nati maalumu yenye nyuzi za milimita 18. Mahali pa kutoboa si popote panapofikika kirahisi. Kwenye gari la turbo, sensa inakaa baada ya turbo, kiasi cha sentimita 60 hivi nyuma yake, na kabla ya masega. Ikisogezwa karibu mno na turbo, joto linaila. Ikipelekwa mwisho kabisa wa bomba, hewa ya nje inarudi ndani na namba zinapotoka.

Pembe nayo ina maana yake. Fikiria bomba limekatwa na kutazamwa kama saa ya ukutani: sensa ikae kati ya namba 10 na namba 2, ncha ikiangalia chini. Isikae kwenye namba 6 hata siku moja. Asubuhi injini ikiwashwa, maji huwa yanajikusanya ndani ya ekzosi. Ncha ya sensa hii inafanya kazi ikiwa na joto la karibu nyuzi 780 za Selsiasi. Tone moja la maji likiipata, udongo wake wa kaure unapasuka, na sensa mpya inakuwa takataka.

Kabla ya kuchomelea, sensa itolewe na betri ifunguliwe. Baada ya hapo bomba likaguliwe kama linavuja. Ufa mdogo kwenye maungio yaliyo mbele ya sensa unanyonya hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi, na geji inasema mchanganyiko ni mkavu wakati sivyo. Fundi anaongeza petroli, gari linazidi kuwa zito, dereva analalamika: "Fundi, mbona halivuti?"

USIKATE SOKETI

Baadhi ya mafundi wa umeme wa magari wana tabia moja: waya ukiwa mfupi, wanakata na kuunga. Kwenye sensa hii tabia hiyo iachwe nje ya geti.

Sensa maarufu ya aina hii, Bosch LSU 4.9, ina waya tano zinazoingia kwenye soketi yenye pini sita. Pini ya sita ina siri yake. Ndani ya soketi kumewekwa kizuizi kidogo cha umeme kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyohiyo, na ndicho kinachokieleza kisanduku namna ya kuisoma. Ukikata soketi ukaitupa, umetupa kipimo. Waya ukiwa mfupi, unanunuliwa waya wa kurefusha wenye soketi zake, mambo yanaisha.

Umeme wa chanya nao una masharti. Sensa ina hita ndani yake na hita hiyo inakula umeme, hasa dakika ya kwanza. Kwa hiyo haifai kudokoa chanya kwenye redio, taa za nyuma au koili za plagi. Inavutwa laini yake kutoka betri, inapita kwenye fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kijitabu, inapita kwenye rilei inayowashwa na swichi ya funguo, ndipo inafika kwenye kisanduku.

Rilei hiyo ina kazi ya ulinzi pia. Sensa ikiachwa kwenye ekzosi injini inaunguruma huku hita haina umeme, masizi yanaiganda na kuiua taratibu. Kanuni ni rahisi: injini ikiwaka, sensa iwe na umeme. Kisanduku chenyewe kifungwe ndani ya gari, mbali na joto na matope ya Morogoro.

HASI NDIYO MCHAWI

Sasa tufike kwenye waya unaodharauliwa kuliko zote. Hasi. Fundi mwenye haraka anautafutia boliti yoyote ya bodi iliyo karibu, anabana, geji inawaka, anaenda kunywa chai.

Shida ni hii. Kisanduku cha waidibendi kinatuma taarifa kwa kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi, kwa waya wenye volti kuanzia 0 hadi 5. Chukua kisanduku kimoja kinachotumika sana, ambacho kikitoka kiwandani volti 0 maana yake ni 7.35 na volti 5 maana yake ni 22.39. Ukigawanya, kila volti moja ni sawa na namba 3 hivi za mchanganyiko. Kosa la volti 0.1 ni kosa la 0.3. Kosa la volti 0.2 ni 0.6.

Hizo volti 0.2 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye boliti yenye rangi au kutu. Hasi ya kisanduku ikiwa imebanwa sehemu moja, na hasi ya kompyuta sehemu nyingine, sehemu hizo mbili haziwi sawa pindi feni, taa na pampu ya petroli vinapowaka pamoja. Kompyuta inapima volti kuanzia kwenye hasi yake yenyewe. Ikiwa hasi ya kompyuta imepanda kwa volti 0.2 juu ya hasi ya kisanduku, kompyuta inasoma pungufu.

Weka kwenye mfano. Injini iko kwenye 12.1. Kompyuta inaona 11.5. Mtu wa kuseti, akiwa na kompyuta mpakato mapajani, anasema petroli ni nyingi mno, hebu tuipunguze gari livute. Anapunguza mpaka aone 12.1 yake. Kumbe injini sasa iko kwenye 12.7, turbo inasukuma, mlima wa Iringa uko mbele. Hakuna taa iliyowaka. Hakuna aliyekosea hesabu. Waya ndio umesema uongo.

Kosa likiwa upande wa pili, hasi ya kisanduku ndiyo iliyopanda, kompyuta inaona ukavu usiokuwepo. Petroli inaongezwa bure, gari linatoa moshi mweusi na linakuwa zito. Hapo injini haipasuki, dereva anapoteza muda tu.

Dawa ni moja: hasi ya kisanduku ibanwe palepale ilipobanwa hasi ya kompyuta ya injini, kwenye chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa. Kama kijitabu kinaonyesha hasi mbili, moja ya hita na moja ya taarifa, zifuate maelekezo yake, zisisokotwe pamoja kwa mazoea. Mitambo mipya inayotuma namba kwa njia ya kidijitali inaliepuka tatizo hili, lakini magari mengi bado yanatumia waya wa volti.

DAKIKA KUMI ZA MULTIMITA

Habari njema ni kwamba uongo huu unakamatika kwa kifaa ambacho kila fundi umeme anacho.

Injini ikiwa inaunguruma, taa, feni na kila kitu vimewashwa, multimita inawekwa ncha moja kwenye hasi ya kisanduku na nyingine kwenye hasi ya kompyuta. Inatakiwa kusoma sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ikionyesha volti 0.1 na kuendelea, hakuna kuseti gari siku hiyo. Kwanza hasi.

Kipimo cha pili hakihitaji hata multimita. Namba ya kwenye geji ya dashibodi ilinganishwe na namba inayoonekana kwenye kompyuta mpakato, kwa wakati mmoja. Geji ikisema 12.1 na kompyuta ikisema 11.5, mmoja wao anadanganya na mtuhumiwa wa kwanza ni hasi.

Hata baada ya hapo, dereva asiiamini sensa kama nabii. Plagi moja ikikataa kuwaka, oksijeni inapita bila kuungua na geji inasoma ukavu, kumbe tatizo ni plagi. Mafuta ya mbio yenye risasi yanaiua sensa mapema, na injini inayokula oili inaichafua. Sensa hii huchakaa kama matairi yanavyochakaa.

Tena viwanja vyetu si sawa. Tanga iko usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu, ambako mgandamizo wa hewa unapungua kwa kama asilimia 15. Naivasha iko juu zaidi. Gari lililosetiwa Dar es Salaam linakutana na hewa nyingine kabisa likipanda huko, na kitu pekee kinachomweleza dereva kama kompyuta yake imelimudu badiliko hilo ni ile namba kwenye geji.

Kwa hiyo siku ya kuchukua gari gereji, kabla ya kuuliza limeongezewa nguvu farasi wangapi, dereva aanze na swali dogo: "Fundi, hasi umeibana wapi?" Akijibiwa "pale pale kwenye bodi, bosi, usijali", asiondoke. Aombe multimita.