Makao ya Paa Nunga Katika Maweni ya Unguja

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za mnyama ambaye watu wengi wa Unguja wamelisikia jina lake, lakini ni wachache waliopata kumwona kwa macho yao. Mnyama huyo ni paa nunga. Tutaeleza mahali anapokaa, sababu ya kukaa huko, na jinsi wasasi walivyojua kumtafuta, hasa wakati wa vuli.

Paa nunga ni mnyama mdogo, naye ni mwekundu. Matakoni ana ukanda mweupe, miguuni ana madoadoa meupe, na katikati ya pembe zake fupi ana kishungi cha nywele nyekundu. Wataalamu wa Ulaya walimtia katika vitabu vyao mwaka 1918, wakampa jina la Bwana W. Mansfield-Aders, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Unguja na mjuzi wa elimu ya wanyama. Lakini wenyeji wa Makunduchi, Mtende na Muyuni walikuwa wakimjua tangu zamani. Duniani hapatikani ila Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, kama Arabuko-Sokoke na Boni.

Sasa, atafutwe wapi? Huko bara, katika mlima Kilimanjaro wenye urefu wa futi 19,340, yuko ndugu yake aitwaye minde, ambaye hapatikani nchi yoyote ila Tanzania. Minde akifukuzwa chini na mashamba na mbwa, aweza kupanda juu zaidi penye msitu na ukungu. Unguja haina mlima. Kilima cha Masingini, ambacho tunakihesabu kuwa ni mahali pa juu, hakifiki futi 500. Basi kimbilio la paa nunga si palipoinuka, bali ni palipo na mawe.

Kila aliyesafiri kutoka mjini kwenda Makunduchi ameona jinsi nchi inavyobadilika. Upande wa magharibi udongo ni mwingi, na watu wamepanda mikarafuu, minazi na muhogo. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, yaani majabali ya matumbawe ya kale, yenye ncha kali na mashimo, na udongo wake ni kidogo tu uliokusanyika katika nyufa. Jembe haliwezi kazi hapo, na mguu usio na kiatu huumia. Kwa sababu hiyo msitu ulisalia, na paa nunga akasalia ndani yake.

Watu wengine huuliza: Atakunywa nini huko, maana maji ya juu ya ardhi ni haba? Jibu ni kwamba paa nunga aweza kuishi bila ya kwenda kisimani. Maji yampasayo huyapata katika majani, maua na matunda anayokula, na katika umande. Wala hapandi mti, hula vinavyoanguka. Walio juu humwangushia chakula. Kima na kima punju wakila katika matawi hutupa majani na matunda mengi chini, na ndege kadhalika. Paa hupita chini yao akiokota. Kwa hiyo msasi aliyekuwa na akili alisikiliza kwanza kima wako wapi, ndipo akaangalia chini.

Saa za kutembea kwake zina mpango. Asubuhi hutoka kula. Jua likiwa kali hujilaza kivulini akicheua. Alasiri hutoka tena. Ni mwoga sana, na masikio yake ni makali. Wakati wa ukame, majani makavu yakiwa yametanda chini, kila hatua ya mtu hupiga kelele, na paa huondoka kabla hajaonekana. Mvua za vuli zikianza kunyesha, majani hulainika, hatua ya mtu haisikiki sana, na udongo ule mdogo ulio katika nyufa hushika alama ya kwato. Lakini penye jiwe tupu hapana alama. Huko msasi alitazama choo chake na vijia vyembamba anavyovipita kila siku.

Basi elimu hii ilitumiwa kwa kuua. Wasasi walikwenda kwa makundi, na mbwa na nyavu. Kusaka nguruwe mwitu kulikuwa na faida kwa mkulima, kwa kuwa nguruwe huharibu muhogo. Lakini mbwa hamchagui nguruwe akamwacha paa, wala wavu hauchagui. Tena mitego ya tanzi huzidi kwa ubaya, kwani hukaa usiku na mchana, na hunasa hata jike mwenye mimba. Juu ya hayo, msitu wa maweni ulikatwa kwa kuni, makaa na kuchomea chokaa. Sheria ya misitu ya Zanzibar ilipitishwa mwaka 1996, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa mwaka 2004, na paa nunga wachache walipelekwa katika visiwa vya Chumbe na Mnemba ili kizazi kisikatike. Siku hizi wale wanaojua vijia vya paa huwasaidia watafiti kuhesabu choo chake na kutega kamera badala ya tanzi. Elimu ni ile ile. Kilichobadilika ni kazi yake.

Je, hatari ni ya kweli? Na tutazame habari za chui wa Unguja. Mwaka 1932 naye alipewa na wataalamu jina la Bwana Aders yule yule. Watu waliamini kwamba wako wachawi wanaofuga chui na kuwatuma, na baada ya mwaka 1964 chui walisakwa kwa nguvu. Leo wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ametoweka, na mtoto wa Unguja amjua kwa ngozi na kwa masimulizi tu. Wanyama wawili walipewa jina moja. Mmoja tumekwisha kumpoteza.

Wazee wetu walitusimulia hadithi ya Sultani Darai, maskini aliyetajirishwa na paa, kisha akamdharau paa alipougua, mpaka mali yote ikamtoka akarudi jaani. Maana yake haihitaji kufasiriwa sana. Kisiwa chetu hakina mlima ambao paa nunga aweza kuukimbilia. Akiondoshwa katika maweni, hana pengine pa kwenda. Basi ndugu msomaji, ukikuta tanzi msituni litegue, na ukiona alama ya kwato baada ya mvua ya vuli, mwonyeshe mwanao.