Kwa nini fomu za mtandaoni hukataa jina kama Nyong'o?

Kama unaitwa Nyong'o au Ng'ang'a, huenda fomu ya mtandaoni imeshakugomea kwamba jina lako lina herufi isiyokubalika. Unarudia kuandika, inakataa tena. Shida ni kile kialama kidogo kilicho juu, baada ya g. Kinaitwa ritifaa, wengine husema apostrofi.

Ni alama moja, lakini Kiingereza, Kiswahili na kompyuta kila kimoja kinaisoma kivyake.

Kwenye Kiingereza

Hapa ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kufupisha: do not inakuwa don't, I am inakuwa I'm. Ya pili ni kuonyesha umiliki: John's phone, yaani simu ya John.

Panapochanganya watu, hata Waingereza wenyewe, ni it's na its. It's ni kifupi cha it is au it has. Its, bila ritifaa, inaonyesha umiliki. Na ukitaka wingi wa kawaida usiiweke: tangazo la "phone's for sale" lina kosa, sahihi ni phones.

Kwenye Kiswahili

Kwetu ritifaa ya ng' ni sehemu ya sauti. Linganisha ng'ombe na ngoma, utasikia tofauti. Ukiandika "Muranga" badala ya Murang'a, umebadilisha matamshi ya jina, hujafupisha kitu.

Kwenye kompyuta

Mifumo mingi huhifadhi majina kwenye hifadhidata zinazotumia lugha ya SQL. Katika lugha hiyo, ritifaa inaonyesha maneno yanapoanzia na yanapoishia. Programu ikiandikwa ovyo, ikifika kwenye Nyong'o inadhani jina limeishia Nyong, halafu ile o inayobaki haiielewi. Inakwama. Kina O'Brien wa Ireland wanasumbuliwa na jambo hilo hilo.

Kuna hatari zaidi: wadukuzi hutumia mwanya huo kupenyeza amri zao na kuiba data. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa programu huamua kuikataza kabisa alama hii. Hiyo ni njia ya mkato. Njia sahihi ipo na inajulikana: programu ipeleke jina kando na amri, ili jina lisisomwe kamwe kama amri.

Ritifaa ziko mbili

Kuna iliyonyooka (') na iliyopinda (’). Kwa macho zinafanana, ila kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Iliyonyooka ina namba 39 katika orodha ya ASCII, iliyopinda haimo kabisa kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo mfumo unaweza kusema Ng'ang'a na Ng’ang’a ni watu wawili, na wewe ukaambiwa taarifa zako hazilingani.

Inagusa hata mfuko. SMS moja hubeba herufi 160 za kawaida. Ukiweka ritifaa iliyopinda hata moja, ujumbe wote unaweza kuhamia mfumo unaobeba herufi 70 tu. Ujumbe wa herufi 100 unahesabiwa SMS mbili.

Ufanye nini?

• Kwenye iPhone, ingia Settings, General, Keyboard, kisha zima Smart Punctuation. Simu itaacha kupindisha ritifaa zako.

• Ukitafuta jina lenye ritifaa usilipate, jaribu aina zote mbili, kisha jaribu bila ritifaa.

• Fomu ikikataa jina lako, usibuni tahajia mpya. Uliza ofisi husika jina limeandikwaje kwenye mfumo wao, na utumie hiyo hiyo kila mara unaposhughulika nao.

• Kwenye Excel, ritifaa inaweza kukusaidia. Ukiandika namba ya simu inayoanza na 0, Excel huifuta hiyo sifuri. Anza na ritifaa kabla ya namba, sifuri itabaki na ritifaa yenyewe haitaonekana.

Na kama wewe ndiye unayetengeneza fomu, ijaribu kwa jina Ng'ang'a kabla hujaiachia watu. Ikigoma, cha kurekebisha ni fomu, jina halina kosa.