Mswaki wako unakauka? Swali kwa wenye mapafu yenye maradhi sugu

Chukua kikombe cha miswaki kilichoko bafuni kwako, kimwage, kisha upitishe kidole chini kwa ndani. Katika nyumba nyingi kidole kitatoka na utelezi, mara nyingine wenye rangi ya waridi au ya kijivu. Ule ni utando wa vijidudu vilivyoshikamana na kujifunika ute wao wenyewe ili visikauke wala visisombwe na maji. Miswaki ya familia nzima hushinda na kulala humo, mashina yakiwa ndani ya maji na vichwa vikigusana.

Kwa mtu mwenye mapafu mazima, hilo ni suala la usafi tu. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kinakubali kwamba mswaki uliotumika huwa na bakteria, ila kinasema hakuna ushahidi kuwa bakteria hao huwadhuru watu wenye afya ya kawaida. Kinywa cha binadamu chenyewe ni makazi ya bakteria ambao aina zao zilizotambuliwa zinapita 700, na mwili umezoea kuishi nao. Anayepaswa kusoma makala haya kwa makini zaidi ni mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao hospitalini huitwa COPD, au mwenye bronkiektasisi, au aliyepona kifua kikuu akabaki na makovu kifuani. Kwake hesabu inabadilika.

Tukiwa usingizini, mate kidogo huteleza na kuingia kwenye njia ya hewa. Hutokea kwa kila mtu. Kwa mwenye afya, vinyweleo vidogo mno vilivyojipanga kwenye ukuta wa njia za hewa husukuma ute kwenda juu, kikohozi humalizia kazi, na chembe za kinga hula kilichosalia. Moshi wa miaka mingi huviua vinyweleo hivyo. Kwenye bronkiektasisi mirija ya hewa imetanuka na kulegea, makohozi yanatuama kama maji kwenye mtaro ulioziba. Kijidudu kilichoteleza usiku kinakuta malazi na chakula.

Na wagonjwa hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba COPD iliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Kati ya wanaokufa kwa ugonjwa huo kabla ya kutimiza miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sigara ni chanzo kikubwa, lakini huku kwetu lazima utaje pia moshi wa kuni na mkaa, ambao mama wengi wameuvuta tangu wakiwa wasichana. Ongeza kifua kikuu: Tanzania, Kenya na Uganda zote zilikuwamo katika orodha ya shirika hilo ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa maradhi hayo. Mtu anamaliza dozi, makohozi yanapimwa na kukutwa safi, anaambiwa amepona, lakini pumzi haimrudii ilivyokuwa.

Je, usafi wa kinywa unaweza kubadili chochote kifuani? Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya Takeyoshi Yoneyama na wenzake, waliowafuatilia wazee katika vituo 11 vya kuwatunza wazee nchini Japani kwa miaka miwili. Waliosafishwa kinywa kwa utaratibu kila baada ya mlo walipata nimonia kwa asilimia 11; ambao hawakupewa huduma hiyo, asilimia 19. Mwaka 2023, Selina Ehrenzeller na Michael Klompas walikusanya majaribio 15 yaliyofanywa kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini, wakaona kwamba kupigwa mswaki kulipunguza nimonia ya hospitalini kwa takriban theluthi moja, na faida ilionekana zaidi kwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Wagonjwa hao hawafanani moja kwa moja na mtu anayeishi nyumbani na COPD yake, lakini njia ambayo vijidudu hupita ni ile ile. Ndiyo maana naanza na onyo hili: anayeacha kupiga mswaki kwa kuogopa vijidudu vya mswaki anajiumiza zaidi. Meno yasiyosafishwa ni hatari kuliko mswaki wenyewe.

Tukishakubaliana hapo, turudi kwenye unyevu. Kuna bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, ambaye wenye bronkiektasisi hulisikia jina lake kliniki na kukosa raha, kwa sababu akishaweka makazi kifuani ni vigumu kumtoa. Huyu hupenda sinki, mabomba ya maji machafu na kila penye majimaji. Asichokipenda ni ukavu. Kwa hiyo lengo lako lisiwe mswaki usio na kijidudu hata kimoja, maana huo hautaupata. Lengo ni mswaki unaokauka kabisa kabla hujautia tena kinywani.

Osha mikono kwanza. Ukimaliza, suuza kichwa cha mswaki kwa maji yanayotiririka huku ukizisugua nyuzi kwa kidole gumba hadi dawa ya meno na mabaki ya chakula yaishe, kisha ukung'ute kwenye ukingo wa sinki mara kadhaa. Usimamishe kichwa kikiwa juu, peke yake, mahali penye hewa. Usiuvishe kile kifuniko cha plastiki ukiwa na majimaji. Kifuniko ni cha safarini, na hata huko subiri ukauke kwanza. Njia ninayoipenda kuliko zote ni rahisi mno: nunua miswaki miwili, mmoja wa asubuhi na mwingine wa usiku, kila mmoja upate siku nzima ya kukauka. Kule pwani, ambako hata chumvi hulowana ndani ya kopo, hili lina maana zaidi. Na pale ambapo bomba hutoka mara moja moja na maji yanakaa kwenye pipa siku kadhaa, mgonjwa wa mapafu asukutue na kusuuza mswaki kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa.

Choo nacho kina neno lake. John Crimaldi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walimulika choo kisicho na kifuniko kwa mwanga wa kijani wa leza wakati kinavutwa, na mwaka 2022 wakaonyesha matone yasiyoonekana kwa macho yakipanda hadi mita 1.5 ndani ya sekunde nane hivi. Nyumba nyingi za mjini zina choo na bafu katika chumba kimoja kidogo. Hamishia mswaki wako chumba cha kulala, karibu na dirisha. Mwenye choo cha shimo hana taabu hiyo, ila aukinge mswaki na nzi.

Kuna wanaouliza kuhusu kuloweka mswaki kwenye dawa. Kwa watu wengi si lazima. Kwa mwenye mapafu dhaifu, kuuloweka dakika chache kwenye dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, au haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, hupunguza bakteria, mradi dawa iwe mpya kila mara, isiwe ya kuchangia na wengine, na mswaki usuuzwe baadaye. Usitumie dawa ya klorini kama Jik: mvuke wake huchokoza njia za hewa, na hilo ndilo usilolihitaji. Kuutia kwenye maji yanayochemka kunapinda nyuzi. Vile visanduku vyenye taa za urujuanimno vinavyouzwa mitandaoni vinaweza kupunguza vijidudu, lakini hakuna ushahidi kwamba vinapunguza maradhi. Bei yake ingekununulia miswaki ya mwaka.

Wanaotumia pampu yenye steroidi wana sababu yao ya ziada. Dawa inayobaki mdomoni huwapa fangasi nafasi, na ulimi huota utando mweupe. Panga hivi: vuta dawa kwanza, halafu piga mswaki, sukutua na uteme. Ukitibiwa utando huo, tupa mswaki uliokuwa ukiutumia. Wenye meno ya bandia wayatoe usiku, wayasafishe. Utafiti wa mwaka 2014 uliofanywa Tokyo kwa wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi ulionyesha kwamba waliolala nayo walikuwa na hatari ya nimonia zaidi ya maradufu.

Anayetumia mswaki wa mti ana bahati yake: akate ncha iliyotumika, atafune mpya kila siku, na asiuache kwenye glasi ya maji usiku kucha. Wa plastiki, ushauri wa kawaida ni kuubadilisha kila miezi mitatu hadi minne, au mapema nyuzi zikitawanyika. Kwa mgonjwa wa mapafu mimi ningeuwahi: kila mwezi mmoja au miwili, na kila anapomaliza antibiotiki za kifua.

Jambo moja kwa familia. Kifua kikuu huenea kwa hewa anayokohoa mgonjwa ambaye bado hajatibiwa vya kutosha. Hakienei kwa mswaki uliosimama karibu na wako. Msimtenge mtu bafuni kwa hilo. Ila miswaki isichangiwe, hata na mke au mtoto.

Makohozi yakiongezeka, yakigeuka kijani au yakiwa na damu, homa ikipanda, au pumzi ikiwa fupi kuliko kawaida yako, usikae nyumbani kuloweka miswaki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.