Sombe na Muombo: Jani Linaanzia Wapi?

Sombe, yaani majani ya muhogo, inayouzwa kwa mafungu sokoni Pweto, kando ya Ziwa Mweru, inatosha kuwa somo la kwanza. Chukua jani moja ulitazame: lina vidole vitatu, vitano au saba, pengine hata tisa. Ni majani mangapi hayo? Ni moja tu. Mpasuko unaingia ndani sana, lakini vidole vyote bado vimeungana pale bapa linapokutana na kikonyo.

Sasa toka mjini, ingia porini, uvunje tawi la muombo. Utaona vijiti vyembamba vyenye vipande vya kijani vilivyopangwa jozi jozi. Wengi huapa kwamba kila kipande ni jani. Sivyo: kijiti kizima, pamoja na vipande vyake vyote, ni jani moja. Ushahidi uko kwapani. Mahali kikonyo kinapoungana na tawi pana tumba dogo, ambalo baadaye hutoa tawi jingine au ua. Kwenye shina la kipande hulipati. Kwenye shina la kijiti lipo. Kwapa ndilo ninaloliamini, kwa sababu umbo na ukubwa hudanganya mno.

Mpangilio nao husomwa kwenye makwapa. Mrehani hutoa majani mawili mawili yanayokabiliana, na kila jozi hukatiza iliyo chini yake. Muhogo huyapanga kwa kuzunguka shina: anzia jani lolote, hesabu kwenda juu, na baada ya mizunguko miwili jani la 6 litasimama juu ya lile la kwanza. Kwa njia hiyo majani ya chini hayakosi jua upesi.

Mwezi wa 9 na wa 10, kabla ya mvua, majani machanga ya miombo hutoka mekundu, na mgeni hudhani pori linakauka. Wekundu huo ni wa rangi iitwayo anthosianini. Klorofili ikiongezeka, kijani hushinda.

Vipande pia hutenganisha miti ya miombo inayofanana. Katika Brachystegia spiciformis, jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Katika Julbernardia globiflora, ni ya katikati. Brachystegia boehmii ina jozi nyingi, kumi na zaidi, za vipande vyembamba. Kwa hiyo anayetaka kujulishwa jina la mti asilete kipande kimoja mfukoni. Alete tawi lenye majani mawili matatu, makwapa yakionekana.