Kumbi za Dansi Zilizobaki Vichwani mwa Watu

Mtu mzima wa Dar es Salaam aliyekuwa kijana miaka ya 1980, ukimgusia muziki wa dansi, mara nyingi haanzi na wimbo. Anaanza na ukumbi. Atakutajia DDC Kariakoo, Lang'ata ya Kinondoni, Amana ya Ilala, White House ya Ubungo, ndipo aje kwa mwimbaji na shati alilovaa usiku ule. Wimbo wenyewe huja mwisho, na akiuimba, pengine hautafanana na ule unaopigwa redioni.

Sababu ipo. Muziki huo ulisikika kwa njia mbili kubwa: redio moja ya taifa na ukumbi. Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ndiyo iliyorekodi bendi, na kanda nyingi zilizozagaa mitaani zilikuwa za kunakili, bendi isipate hata senti. Kwa hiyo kilichoendesha maisha ya bendi ni kiingilio cha mlangoni. Wimbo ulitungwa mazoezini, ukajaribiwa mbele ya wacheza dansi, ukarekebishwa hapa na pale, kisha ukapelekwa studio. Mikanda ya RTD ni hazina, lakini kwa haki kabisa ni ufupisho. Ukumbini, mpiga solo akishapandwa na mzuka na watu wamejaa katikati, nani angemkumbusha kwamba dakika zimekwisha?

Tena wanamuziki wengi hawakuwa na bendi wala vyombo vyao. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ikaja kuitwa JUWATA, baadaye OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Jeshi, polisi, magereza, hata kampuni ya mabasi ya UDA, wote walikuwa na bendi. Mpiga gitaa aliajiriwa, akapokea mshahara, na siku akiondoka gitaa lilibaki kwa mwenye mali. Ndiyo maana wanamuziki walihamahama, na mashabiki wakabishana juu yao kama wanavyobishana kuhusu usajili wa Simba na Yanga.

Mwaka 1978 ilipozaliwa Mlimani Park, Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka walitoka JUWATA wakaingia huko. Bendi hiyo baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, na mtindo wake, Sikinde, ukachukua jina la ngoma ya Wazaramo. Kisha mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawanyakua kadhaa wa Sikinde, Gurumo na Bitchuka wakiwamo, akaunda upya Orchestra Safari Sound. Waliokuwa mashabiki wakati huo bado wanausimulia uhamisho ule kwa uchungu, na bado hawajakubaliana nani alifanya vibaya. Baadaye Bitchuka alirudi Sikinde, Gurumo akarudi Msondo. Ushindani wa bendi hizo mbili ulidumu, na mipambano yao ya sikukuu ilijaza kumbi.

Usiku wa dansi ulikuwa na mwendo wake. Bendi ilianza na nyimbo za taratibu, za kusikiliza, watu wakiwa bado wanatafuta viti na kuagiza bia. Saa nne, saa tano, ukumbi unachangamka. Mwimbaji anafika kwenye ubeti unaomgusa mtu, labda wa ndoa iliyovunjika au mume asiyeleta matumizi, na hapo mama mmoja ananyanyuka mezani, anakwenda mbele polepole kwa mwendo wa wimbo, anambandika noti kwenye paji la uso lililolowa jasho. Anazunguka mara moja, anarudi kukaa. Kwa tendo hilo alikuwa ametoa maoni yake kuhusu mada, na wanaomjua walijua anamsema nani. Kisha saksafoni na tarumbeta zinaingia, magitaa yanashika kasi, na hapo hakuna anayesikiliza tena maneno.

Ukumbi pia ulisema ambayo redio haikuweza. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliyeiongoza Super Matimila, alitunga "Mambo kwa Soksi" kuwahimiza watu watumie kondomu wakati Ukimwi unaangamiza familia. RTD haikutaka kuupiga. Watu waliujua hata hivyo, kwa sababu aliupiga jukwaani. Huyuhuyu ndiye aliyekwenda Ulaya na tamasha la WOMAD mwaka 1988, na ndiye aliyeacha jina lake kwenye kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy. Alifariki Desemba 2010.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Redio binafsi zilianza, kaseti na video zikafurika, mashirika ya umma yakabanwa au kubinafsishwa, na kulipa mishahara ya watu kumi na tano au ishirini wa bendi kukawa anasa. Kisha Bongo Fleva ikaja na msanii mmoja, kipaza sauti kimoja na muziki uliokwisha kurekodiwa. Si dhambi, ila ni onyesho la aina nyingine: wimbo unafika jukwaani ukiwa umekamilika, na hadhira haina nafasi ya kuurefusha.

Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne jukwaani, akafariki Aprili 2014. Wenzake wengi walimtangulia. Waliowatazama kutoka viti vya mbele nao wana umri mkubwa sasa, na picha zao za ukumbini zimelala makabatini bila maelezo. Mwenye mzee wa aina hiyo nyumbani amkalishe, awashe simu arekodi, na amwandikishe nyuma ya kila picha: bendi gani, ukumbi gani, nani huyo mwenye gitaa la besi.