Ukitaka linksi, anza na sungura

Linksi wa Iberia ana ndevu za mashavuni na vishungi vyeusi kwenye ncha za masikio. Ukimwona pichani utadhani ni simbamangu wetu, lakini wamefanana masikio tu. Kwa ukoo, simbamangu yuko karibu zaidi na mondo. Linksi wa Iberia haishi porini popote isipokuwa Hispania na Ureno. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta hawafiki 100, wamebanwa sehemu mbili za kusini mwa Hispania: tambarare za Doñana karibu na bahari, na vilima vya Sierra Morena.

Doñana ilikuwa hifadhi ya taifa tangu 1969, na uwindaji wa linksi ulipigwa marufuku miaka ya 1970. Mpaka ulikuwepo, sheria ilikuwepo, na paka akazidi kupungua. Tatizo lilikuwa chakula.

Chui akikosa swala atakula nyani, mbwa, hata panya. Linksi hana uhodari huo. Karibu chakula chake chote ni sungura, takriban mmoja kwa siku, na mama mwenye watoto huhitaji hadi watatu. Sungura huyo ni wa Ulaya, yule achimbaye mashimo na kuishi kwa makundi, mhenga wa sungura tunaowafuga bandani. Sungura wetu wa porini, anayejilalia kwenye majani, ni mwingine.

Sasa sikiliza kisa. Mwaka 1952 daktari mmoja Mfaransa, Armand-Delille, alichoshwa na sungura waliokuwa wakiharibu shamba lake. Akapata virusi vya miksomatosisi, ugonjwa uliotokana na sungura wa Amerika Kusini, akawaambukiza sungura wawili. Shamba lilikuwa na ukuta, naye aliuamini. Baada ya miaka michache ugonjwa ulikuwa umeenea Ulaya, Hispania ikiwemo, na sungura wamekufa kwa mamilioni. Mahakama ilimtoza faini. Baadaye akapewa medali, maana wenye misitu walifurahi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaingia ugonjwa wa pili, wa kutokwa damu, ukawapunguza tena waliosalia.

Juu ya hayo, vichaka vilifyekwa ikapandwa misonobari na mikaratusi. Hapa ndipo ninapobishana na wanaopima uhifadhi kwa idadi ya miche iliyopandwa. Linksi anataka vichaka vya kujificha na kuzalia, na kando yake uwazi wenye nyasi ambako sungura hula. Huwinda pale viwili hivyo vinapokutana. Shamba la mikaratusi ni la kijani kweli, lakini kwake ni jangwa. Kwa hiyo sehemu nyingine kazi ya kumwokoa ilikuwa kukata miti.

Kisha wahifadhi walirundika mawe na matawi wakatengeneza mashimo ya bandia, wakaotesha malisho, wakaleta sungura. Linksi waliozaliwa katika vituo vya kuwazalishia, ambako watoto wa kwanza walipatikana mwaka 2005 huko El Acebuche, walipelekwa tu mahali ambako sungura walikuwa wamehesabiwa na kuonekana wanatosha.

Ardhi yenyewe, hasa Sierra Morena, sehemu kubwa ina wenyewe, na wengi wao ni watu wa kuwinda sungura na kware. Utamwambiaje mwindaji amkaribishe mla sungura? Utafiti wa Doñana ulitoa jibu: penye linksi, sungura walikuwa wengi kuliko pasipo linksi, kwa sababu linksi huwaua na kuwafukuza nguchiro na mbweha, ambao nao hula sungura. Hoja hiyo, pamoja na mikataba ya maandishi, ilifungua milango ambayo mahubiri ya uhifadhi yasingeifungua.

Leo linksi wamepita 2,000, watoto wakihesabiwa. Magari bado huwaua wengi wanapotafuta maeneo mapya, ndiyo maana njia za chini ya barabara zinajengwa na vichaka vinaunganishwa kati ya eneo na eneo. Mwaka 2024 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ulimshusha kutoka kundi la walio hatarini kutoweka na kumweka kundi lenye nafuu kidogo. Miaka mitano kabla ya hapo, orodha hiyohiyo ilikuwa imemwingiza sungura wa Ulaya, katika nchi za asili yake, kwenye kundi ambalo linksi ametoka.