Mzazi, unavaa nini ukimpeleka mtoto kuogelea?

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Novemba, vidimbwi vya kuogelea mijini hujaa watoto. Wengine huenda kwenye vidimbwi vya hoteli, wengine YMCA, wengine katika vidimbwi vya mitaa wanamoishi. Ni jambo jema, maana kuogelea hujenga moyo, mapafu na misuli, na mtoto ajuaye kuogelea ana kinga ambayo mwenzake hana.

Hata hivyo, pamoja na furaha hiyo huja swali ambalo wazazi, hasa akina mama, huniuliza kliniki kwa sauti ya chini: "Daktari, mimi nitavaa nini huko?" Mama mmoja huwaza juu ya stara na dini yake. Mwingine aliyejifungua juzi huwaza juu ya tumbo lake. Baba naye huona haya kuvaa kaptura mbele ya binti yake mkubwa au wakwe zake. Mwishowe, wazazi hao huamua kuketi kando chini ya mwavuli na nguo zao za kawaida, na kuwaachia watoto maji.

Hapo ndipo suala la mavazi linapokuwa suala la afya.

Hatari isiyopiga kelele

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Watu wengi hudhani kwamba anayezama hupiga mayowe na kupunga mikono. La. Mtoto mdogo huzama kimya. Mdomo wake huingia na kutoka majini, hapati nafasi ya kuvuta pumzi sembuse kupiga kelele, na anaweza kutoweka chini ya maji kabla ya dakika moja kwisha. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu, huanza kudhurika.

Ndiyo sababu madaktari hushauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 5, na yeyote asiyejua kuogelea, awe na mtu mzima ndani ya maji, karibu kiasi cha kuweza kumshika kwa kunyosha mkono. Mwokoaji wa kidimbwi yupo, lakini ana watoto wengi wa kutazama. Mzazi aliyevaa buibui, sketi ya kubana au suruali ya jinzi, tena ameketi mbali na ukingo, atasita. Atafikiria nguo, atafikiria macho ya watu. Sekunde hizo za kusita ndizo ninazozihofia.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: vazi lako, liwe refu au fupi, liwe ni vazi unaloweza kuingia nalo majini papo hapo bila kuona aibu. Ukilikosa, au kama wewe mwenyewe hujui kuogelea, usimpeleke mtoto mdogo mpaka umpate shangazi, mjomba au jirani atakayeingia naye.

Stara haigombani na usalama

Wapo wanaodhani kwamba vazi la kuogelea ni lazima liache mapaja wazi. Si kweli. Mwaka 2004 Aheda Zanetti, mwanamke wa Australia aliyezaliwa Lebanon, alibuni vazi la kuogelea linalofunika mwili wote isipokuwa uso, viganja na nyayo. Akaliita burkini. Vazi hilo lilizua ubishi mkubwa nchini Ufaransa mwaka 2016, wakati miji kadhaa ya pwani ilipolipiga marufuku. Mnamo Agosti 26 mwaka huo, mahakama ya juu ya masuala ya utawala nchini humo ilisimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet.

Ufaransa hiyo hiyo, katika vidimbwi vingi vya umma, huwakataza wanaume kaptura pana na kuwataka wavae chupi za kuogelea zinazobana, kwa sababu za usafi. Mwanamume wa kwetu akiambiwa hivyo huenda akarudi nyumbani! Heshima ya mahali pamoja yaweza kuwa kosa kwingine, na hakuna haja ya mtu kumcheka mwenzake.

Asiyeweza kumudu burkini anaweza kuvaa suruali ndefu ya kubana ya naironi au poliesta, pamoja na fulana ya mikono mirefu ya kitambaa hicho hicho, na sketi fupi ya kuogelea juu yake. Kichwani avae kofia ya kuogelea badala ya mtandio. Mwanamume atoshwe na kaptura ya kuogelea inayofika magotini, isiyo pana mno.

Kitambaa ndicho chenye neno

Huenda umewahi kurudishwa mlangoni kwa sababu ya kuvaa fulana ya pamba au leso. Wengi huona wamedharauliwa, lakini sababu ya kiafya ipo. Nguo ya kutembelea huingiza majini vumbi, jasho na mabaki ya sabuni. Pamba nayo hutoa nyuzi zinazoziba vichujio vya kidimbwi. Klorini inayowekwa ili kuua viini huishia kupambana na uchafu huo, na ikikutana na jasho au mkojo hufanyiza kemikali ziitwazo kloramini. Hizo ndizo zinazowasha macho na kumkohoza mtoto mwenye pumu. Ile harufu kali ambayo watu hudhani ni dalili ya usafi, mara nyingi ni dalili kwamba maji yamechafuka.

Chupi au sidiria ya pamba chini ya vazi la kuogelea huleta matatizo hayo hayo. Ikiwa vazi lako linaonyesha mwili likilowa, tafuta lenye bitana au la rangi nzito.

Lakini yafaa ieleweke kwamba sababu hizi zinahusu kitambaa, si kiasi cha mwili kilichofunikwa. Msimamizi wa kidimbwi anayemzuia mama aliyevaa vazi refu, safi, la kitambaa cha kuogelea hana hoja ya kiafya.

Nguo pana ina hatari nyingine. Leso hufunguka na kuzinga miguu. Deira au buibui huingiwa na hewa, likafura na kupanda hadi usoni. Jinzi iliyolowa huzuia miguu kupiga maji, na wakati wa kupanda ngazi huwa nzito mno. Aidha, kitambaa kinachoning'inia, kamba ndefu na hata nywele ndefu zisizofungwa zinaweza kunaswa kwenye tundu la kunyonyea maji chini ya kidimbwi. Mahali pa leso ni nje ya maji, na huko ina kazi kubwa kama nitakavyoeleza.

Mtoto avae nini?

Rangi kwanza. Mtoto aliyevaa samawati, nyeupe au kijivu haonekani vizuri akiwa chini ya maji. Mchagulie rangi ya chungwa, manjano au waridi inayong'aa.

Pili, jua. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Ngozi nyeusi ina kinga kiasi, lakini mtoto mwenye ualbino hana, naye anaweza kupata saratani ya ngozi akiwa bado kijana. Huyu avae vazi la kuogelea la mikono mirefu na suruali, apakwe mafuta ya kuzuia jua sehemu zilizo wazi, na aogelee kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Fulana nyeupe ya pamba haimtoshi, kwani ikilowa hupitisha miale mingi zaidi.

Tatu, nepi. Mtoto asiyejua kuomba choo asiingie uchi wala na nepi ya kawaida, ambayo hunywa maji na kuvimba. Zipo nepi za kuogelea, lakini hizo hazizuii kinyesi chepesi. Mtoto anayeharisha abaki nyumbani. Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu kinachoweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yaliyotiwa klorini vizuri. Aliyeugua kwa sababu yake asiingie kidimbwini hadi wiki 2 zipite baada ya kuhara kukoma.

Chumba cha kubadilishia nguo

Hapa ndipo wazazi hukwama. Baba amekuja na binti wa miaka 6. Je, aingie naye chumba cha wanaume? Mama ana mwana wa miaka 8. Je, amwache peke yake upande wa pili?

Watoto wengi huanza kuona haya kuanzia miaka 5 hivi. Haya hiyo ni sehemu ya kukua na haifai kuchekwa wala kulazimishwa imtoke. Mtoto anayezoeshwa kwamba mwili wake una sehemu za faragha, na kwamba anaweza kusema "sitaki", huwa na ulinzi mkubwa dhidi ya watu wabaya.

Njia rahisi ni kumvisha vazi la kuogelea nyumbani, chini ya nguo zake. Wakati wa kurudi, chukua ile leso, mzungushie kama pazia naye abadilishe ndani yake. Vidimbwi vyenye chumba cha familia ndivyo bora. Pasipokuwa nacho, simama mlangoni, zungumza naye wakati wote, na usimtume na mtu mzima usiyemfahamu. Usipige picha za watoto wa wenzako, wala usiruhusu wako wapigwe. Ukishuku mtoto amedhulumiwa, nambari 116 ya kusaidia watoto hupigiwa simu bila malipo.

Binti anapobaleghe

Wasichana wengi huacha kuogelea mara tu wanapobaleghe. Ndugu zao wa kiume huendelea, wao huketi kando wakishika taulo. Miaka ikipita, msichana huyo ndiye mama anayesimama ukingoni asiweze kumwokoa mwanawe. Msomaji, usiruhusu mzunguko huu uendelee nyumbani kwako. Mpe binti vazi linalolingana na maadili yenu, mtafutie mwalimu wa kike, na mwache ajifunze.

Niondoe pia hofu ambazo husikika mara kwa mara. Msichana hashiki mimba kwa kuogelea katika maji waliyomo wavulana. Virusi vya Ukimwi haviambukizwi kwa maji ya kidimbwi. Hedhi si ugonjwa, na anayetumia kisodo cha ndani au kikombe cha hedhi anaweza kuogelea. Pedi ndiyo haifai, kwa sababu hunywa maji.

Kabla na baada

Kabla ya kuingia, kila mtu aoge kwa sabuni, na watoto waende haja. Baada ya kutoka, ogeni tena, jikausheni vizuri kwenye makwapa, mapajani na katikati ya vidole vya miguu, kisha mvae nguo kavu. Kushinda na vazi lililolowa huwapa kuvu nafasi ya kuota, na wanawake wengi hupatwa na mwasho ukeni kwa sababu hiyo. Vazi lisuuzwe kwa maji safi na lianikwe, lisifungwe mfukoni hadi kesho.

Mwisho, kabla ya kulipa kiingilio, msiogope kuuliza: mavazi gani yanaruhusiwa? Je, kuna mwokoaji? Kuna chumba cha familia? Kuna saa zilizotengewa wanawake pekee? Kama hazipo, kusanyikeni akina mama 10 au 15 wa mtaa mmoja, mwende kwa msimamizi mkaombe saa 2 kwa wiki. Msimamizi mwenye busara hatawakataa wateja 15 wanaolipa. Tahadhari kabla ya hatari, na tahadhari yenyewe ianze kwa kuchagua nguo mtakazoingia nazo majini pamoja na watoto wenu.